Nyusi za Dada Vai

Mangere, Auckland
7 Juni 1993

Dada Vai,

Kabla hujauliza: mimi mzima, miguu inauma, binti yangu Lose hajambo, na hapana, bado hajaolewa. Sasa nisikilize. Barua hii isome peke yako. Usiisome kwa sauti mbele ya duka la Sefo kama ulivyofanya ile ya Pasaka.

Nakwenda kwenye usaili wa kuigiza. Televisheni, dada! Lose aliliona tangazo gazetini. Wanatafuta bibi wa Kisamoa, miaka hamsini na kuendelea, "hata kama hajawahi kuigiza." Nikamwambia Lose, basi huyo ni mimi, maana kwa kutowahi kuigiza hakuna wa kunishinda. Akadhani natania. Mimi nilikuwa nimeshashika kalamu.

Usicheke. Najua unacheka. Nina miaka hamsini na minne, mjane, nafua mashuka ya hospitali tangu mwaka wa sabini na moja. Lakini wewe unajua kwa nini nataka, kwa sababu ulikuwepo. Jumapili ya Watoto, mwaka wa arobaini na nane. Nina miaka tisa, nguo nyeupe mpya, mimi ndiye malaika wa habari njema, na mistari yangu kumi na miwili naijua kama jina langu. Nikasimama mbele ya kanisa zima na neno halikutoka. Hata moja. Baba akasema kutoka nyuma, "Malaika kapotea njia," kanisa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo kijiji kizima kinaniita Nguzo. Hata siku ya mazishi ya mume wangu, mzee Tavita alinishika mkono akasema, "Pole sana, Nguzo."

Nataka nisimame mbele ya watu na maneno yatoke. Mara moja tu kabla sijafa. Wakinichukua, vizuri. Wasiponichukua, basi walau maneno yawe yametoka.

Usaili ni Jumamosi tarehe 26. Niombee. Na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Fetuao


Falevasa, Savaii
16 Juni 1993

Wewe Nguzo,

Makubwa haya! Barua yako imefika na sikumwambia mtu yeyote, isipokuwa mke wa mchungaji, maana kumficha mke wa mchungaji ni dhambi. Yeye naye akaliweka jambo hili kwenye maombi ya Kamati ya Wanawake, bila kutaja jina. Alisema tu, "Tumwombee dada yetu wa Auckland, ambaye dada yake ni mwenyekiti wetu." Sasa mwenyekiti ni mimi na dada ninaye mmoja. Ulitaka nifanyeje?

Sefo anauliza kama utabusiwa kwenye hiyo televisheni. Nimemwambia dada yangu ana magoti mabovu na ulimi mkali, atakayetaka kumbusu ajipange.

Ila mimi, kwa kweli, sioni sababu. Hayo ya mwaka wa arobaini na nane yaache huko huko. Mtoto wa miaka tisa kasahau maneno, hiyo nayo ni habari? Nani anakumbuka? Kila mtu anakumbuka, najua, lakini ndivyo watu wanavyosema kufarijiana. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe unamfuata nyoka mwenyewe shimoni ukamsalimie! Kaa na mashuka yako, mdogo wangu. Mashuka hayacheki.

Ukishupaa kwenda, vaa lile gauni la zambarau. Na ule kwanza.

Dada yako,
Vaitoelau
Mwenyekiti, Kamati ya Wanawake


Mangere
4 Julai 1993

Dada Vai,

Nguzo ni nguzo. Niliyataka mwenyewe.

Pale nje tulikuwa wanawake saba wa Kisamoa, wote na nguo za kanisani, wote na vipepeo vya kujipepea, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuigiza. Mmoja alikuwa amemsindikiza mpwa wake. Mwingine alikuwa anapita tu akakuta mlango wazi. Mama mmoja mnene wa kwaya ya Otara alisema ameingia kutumia choo, naye alikaa saa mbili, karatasi ya maneno kaificha nyuma ya kipepeo. Mimi nilisema namngoja Lose. Lose alikuwa kazini. Basi kila jina likiitwa mwenyewe anashtuka, "Mimi? Ala! Jina langu wamelitoa wapi?" kisha anaingia mbio.

Ndani wamekaa watatu. Mwongozaji ni mama wa Kizungu, Heather, ana miwani machoni na mingine kichwani. Aliyeandika mchezo ni kijana wetu, Iosua. Wa tatu ni kijana wa Kisamoa wa kusoma maneno ya mwanangu wa mchezoni. Mchezo wenyewe ni huu: mwana aliondoka nyumbani miaka kumi, hakuleta hata salamu, na leo yuko mlangoni. Anauliza, "Mama, niingie?" Hapo bibi ndiyo anasema maneno yake. Mistari kumi na miwili. Kumi na miwili, dada! Ningekuwa na akili ningegeuza pale pale.

Yule kijana akasimama mlangoni, mwembamba, shati limemzidi. Akaniangalia. "Mama, niingie?"

Nikapandisha nyusi.

Sasa niambie, ningefanya nini? Mtoto kauliza, nimemjibu. Sote tunajibu hivyo, mkubwa kwa mdogo. Mwanao akikuuliza kama aingie nyumbani kwao, unapandisha nyusi, ndiyo ni ndiyo, yamekwisha, unakwenda kuteleka birika. Nikageuka kutafuta birika. Hakuna birika. Kugeuka tena, wote wananitumbulia macho. Heather alikuwa ameinamia karatasi zake muda wote, akainua kichwa akasema, "Mama akiwa tayari anaweza kuanza." Ndipo nikakumbuka mistari. Nikafungua mdomo nikaliona kanisa, nikamwona Baba. Basi, maneno yamekauka. Heather akasema asante sana, tutakupigia simu, kwa sauti ile wanayosemeshwa watu wasiopigiwa.

Nimelia kwenye basi mpaka nyumbani. Yule mama wa choo tulikuwa basi moja. Alinikatia nusu ya mkate wake na hakuniuliza kitu, Mungu ambariki.

Usisome hii dukani.

Fetuao


Falevasa
15 Julai 1993

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Kamati imekaa kwa ajili yako na wakaanza kuimba ule wimbo wa misiba. Nikawaambia hajafa mtu, wakasema wameshaanza ubeti wa pili, waache wamalize.

Huyo Heather hana macho? Mtu kapandisha nyusi, anataka nini tena, cheti cha mchungaji?

Nakuletea kakao na magimbi manne kwa mkono wa Pesamino, mtoto wa binamu yetu Lagi, anayekuja huko kucheza raga. Wakimnyang'anya magimbi uwanja wa ndege, mwambie asibishane, alie tu. Kwa mwili ule akilia watamhurumia.

Fetuao, kuna jambo nimetaka kukuambia. La zamani kidogo. La tangu tukiwa wadogo. Lakini karatasi imekwisha.

Nguruwe wa Sefo ameingia tena shambani kwangu. Nimekwenda kumwambia, ananijibu ati ugo wangu ndio mbovu. Mwanamume mzima anamtetea nguruwe! Kanisa nalo limepakwa rangi, samawati, mbaya haina mfano, lakini mchungaji ndiye aliyechagua kwa hiyo sote tumeipenda. Mjukuu wangu Sina ameota meno mapya ya mbele. Mvua inanyesha.

Sasa karatasi imekwisha kweli.

Vaitoelau
Mwenyekiti


Mangere
1 Agosti 1993

Dada Vai!

Kaa kitako. Umekaa? Wamepiga simu!

Aliyepiga ni yule kijana aliyeandika mchezo, Iosua. Anasema nilipotoka tu ukazuka ubishi. Heather kasema, "Maskini, yule mama hasemi." Iosua kasema, "Amesema." "Amesema saa ngapi?" "Wakati wewe unaangalia karatasi." Kisha kijana akanisimulia yake. Anasema aliacha chuo cha uchungaji mwaka wa pili, akarudi kwao anaogopa, akasimama mlangoni, na mama yake alimjibu vile vile, kwa nyusi, akaenda kuteleka birika. Ile mistari kumi na miwili aliiandika kwa sababu alidhani Wazungu hawataziona nyusi.

Lakini wakubwa wa televisheni wanasema bibi wa mchezo lazima asikike, vipindi sita hivyo, hawezi kupandisha nyusi vipindi sita. Kwa hiyo narudi tarehe 21, mbele ya watu watano, na mistari yote. Tumebaki wawili: mimi na yule mama wa Otara. Anaitwa Pisila. Alikuwa na bidii sana kwa mtu aliyekuja kutumia choo.

Mistari naijua. Nayaambia mashuka asubuhi yote, haipungui hata neno. Anapoingia mtu tu, hata yule wa kuleta sabuni, nakauka. Nimechoka kujiogopa, dada. Nikikauka na safari hii sitajaribu tena maisha yangu.

Nina ombi. Unakumbuka tulivyopatana siku ile? Wewe ukae benchi la mbele, mimi nikutazame, ukipandisha nyusi ndiyo zamu yangu imefika. Nilikutazama, Vai. Nilitazama na kutazama. Nadhani ulipandisha na mimi kwa woga sikuona. Nimejiuliza miaka yote hiyo. Kosa halikuwa lako, mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Sasa nitumie picha yako, nyusi juu, niiweke kwenye kiti mbele yangu. Nikikuona nitaanza.

Fanya haraka.

Fetuao


Falevasa
10 Agosti 1993

Fetuao,

Hukuwa mjinga. Sikupandisha.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kuwalisha kuku, nimerudi naikuta bado ipo, basi acha niendelee.

Mwaka ule Mama alipata kitambaa cha nguo moja tu. Wewe ukashonewa mpya. Mimi, mkubwa, nikavalishwa ya mwaka juzi, pindo limeshushwa, mstari wa pindo la zamani unaonekana mpaka benchi la mwisho. Nina miaka kumi na miwili. Nikakaa pale mbele, nikakuona umesimama na nguo yako unang'aa, na ukanitazama kwa macho yale. Ulikuwa tayari. Kila neno ulikuwa nalo, niliona. Ulikuwa unangoja ruhusa yangu tu, kama tulivyopatana.

Nami nikazikaza nyusi zangu. Nilitaka ungoje kidogo. Kidogo tu, nione raha. Halafu Baba akasema lile neno, watu wakacheka, na baada ya hapo hata ningezipandisha mpaka kwenye nywele isingesaidia kitu. Usiku ule uliniambia, "Nimesahau, Vai," nami nikakujibu, "Ndiyo, umesahau." Na jina la Nguzo ni mimi niliyelianzisha. Baba alisema malaika. Nguzo ni yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kilikuwa kwenye nguo yenye pindo lililoshushwa. Nimeongoza kamati miaka kumi na tisa, nimetoza watu faini kwa kusema uongo, na huo wangu umekaa tumboni miaka arobaini na mitano.

Picha hii hapa. Ndiyo pekee niliyo nayo, ya pasi ya kusafiria, na yule ofisa alinikataza nisifanye chochote na uso. Nyusi ziko chini. Inanistahili.

Hukusahau, mdogo wangu. Hujawahi kusahau. Nenda ukaseme.

Utanisamehe?

Vai


Falevasa
6 Septemba 1993

Fetuao,

Tarehe 21 imepita. Ndege zimekuja na kwenda. Pesamino amerudi na mguu ulioteguka na hana barua. Nimekwenda posta mara nyingi mpaka yule binti ananiona kwa mbali anatikisa kichwa, ili kuniokolea hatua.

Nimekiri mbele ya kamati. Sikuweza tena. Mke wa mchungaji akasema, "Mwenyekiti, adhabu ya uongo ni nini?" Nikasema katoni ya samaki wa kopo. Akasema, "Na uongo wa miaka arobaini na mitano?" Basi nimejitoza faini mwenyewe, nguruwe mmoja mkubwa. Bila hiana nilitoa wa kwangu, ingawa wa Sefo alikuwa karibu zaidi, yuko shambani kwangu kama kawaida.

Pia tumepitisha kwamba atakayekuita Nguzo atalipa katoni. Nimeshatoa mbili, kwa mazoea.

Niandikie. Hata tusi. Hata usijaze ukurasa.

Vai


Mangere
20 Septemba 1993

Vai,

Nilinyamaza makusudi. Wewe ulininyima miaka arobaini na mitano, mimi nimekunyima wiki nne. Usilalamike.

Barua yako niliipata asubuhi ile ile ya usaili, nikaisomea kituo cha basi nimesimama. Basi likaja, likaondoka. Nililiona na sikupanda. Nilikuwa na hasira, Vai. Siku hizo zote, shule, kwaya, hotuba za misibani nilizokataa, harusi ya Lose mwenyewe siku akiolewa nilishapanga kumwomba mtu mwingine aseme! Kwa sababu ya pindo!

Nikachukua teksi, nikaingia mle ndani nimefura. Nikaiweka picha yako kitini kama nilivyokusudia. Nikaitazama, na wewe huyo, uso ule ule mkavu, nyusi chini. Yule kijana akasimama mlangoni akasema, "Mama, niingie?"

Vai, maneno yalitoka! Mistari yote kumi na miwili, na mengine mengi yasiyokuwemo. Miaka yote hiyo, nilisema, umenikalia kimya. Ulijua na ukanyamaza. Unanisalimia kila Krismasi kama hakuna kitu! Nilikuwa naisemesha picha, lakini wao walidhani nasema na mwanangu. Iosua anaandika mbio mbio. Kijana mwenyewe alishtuka mpaka akarudi nyuma nje ya mlango, na alipochungulia tena aliuliza swali lisilokuwemo, kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo... niingie?"

Nilizikaza nyusi, kama wewe. Nikamwacha asimame. Nilitaka angoje kidogo, nione raha, nami nikaiona kweli, dada, sikufichi, ni tamu. Kisha nikaona viatu vyake. Alikuwa amevibana pamoja, kama mtoto aliyepangwa mstari kanisani. Nikasema moyoni, basi, inatosha, mtu ameshasimama vya kutosha.

Nikazipandisha.

Safari hii Heather alikuwa ananitazama, miwani yote miwili machoni, nakuapia. Aliinuka akaenda kutafuta birika.

Nafasi nimepata. Tunaanza mwezi ujao, nimeomba likizo kwenye mashuka. Pisila naye amepewa kuwa jirani. Iosua ameandika kwamba kila mara anaingia kwetu akisema amekuja kutumia choo tu.

Sasa, lile swali lako. Nimelianzia barua mara tatu nimechana. Nikiandika "ndiyo" naona haitoshi, nikiandika zaidi naona nakuhubiria. Jambo hilo kwetu haliandikwi. Lakini mchezo una mpiga picha. Nilimwambia, mwanangu, nipige moja, kuna mtu ameniuliza kitu yuko mbali.

Imo ndani ya bahasha. Itazame.

Fetuao


Falevasa
11 Oktoba 1993

Mdogo wangu Fetuao,

Nimeifungulia bahasha pale pale posta. Yule binti akachungulia akauliza, "Bibi huyu ameulizwa nini?" Nikamwambia hayamhusu, kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka akafunga dirisha akaja kukaa na mimi.

Picha iko ukutani, juu ya redio. Kila anayeingia anadhani unamkaribisha. Sefo amekaribishwa mara mbili na amemaliza kakao yangu.

Jana ilikuwa Jumapili ya Watoto. Sina, mjukuu wangu, ana miaka saba, nguo mpya, mistari mitano. Nilimwomba mke wa mchungaji anipishe benchi la mbele, akanipisha. Tulipatana na Sina mambo yale yale. Mimi sikutaka kubahatisha, Fetuao. Nilizipandisha tangu langoni. Watu wananisalimia, nyusi juu. Sala ya kufungua, nyusi juu. Tavita aliuliza kama nimepata kiharusi.

Mtoto akasimama, akanitazama, akaona nyusi, akaanza. Wimbo ulikuwa bado haujafika nusu. Kwaya inaimba, yeye anapaza sauti juu yao, mchungaji anampungia mkono anyamaze, kanisa zima linacheka, na mtoto hajali, amekaza macho kwangu, mistari yote mitano mpaka amina.

Sikuzishusha.

Dada yako,
Vai